Ukuta wa Mwoka Mikate

1

Kipindi cha kwanza kilianza na uso wa Mzungu aliyevaa kofia, kinywa wazi, tochi mkononi. Alionekana kwa muda wa kupepesa jicho, kisha kioo kikawa cheusi. Sauti ya msimulizi, nzito na isiyo na haraka, ikaeleza kwamba huyo ndiye aliyekifukua kipande cha ukuta ambacho kingetuonyesha mengine yote, na kwamba weusi tunaouona ni karne nyingi ambazo kipande hicho kililala chini ya udongo wa Ostia, bandari ya Roma. Weusi wenyewe watengenezaji waliufupisha. Baada yake likaja tanuri.

Kazi yangu katika Bodi ya Vipindi vya Shule pale Dodoma ilikuwa kutazama mifululizo ya historia kabla haijafika madarasani, na kuandika mwisho wa kila mmoja sentensi moja kati ya mbili: unafaa kutazamwa, au haufai kutazamwa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na niliamini kwamba sentensi hiyo inaweza kumfungulia dunia mtoto wa Namtumbo au wa Kakonko. Bado naamini.

Wiki ile nilikuwa na Roma mbili mezani. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni kubwa ya ng'ambo iliyonunua kuta za kasri la makaisari. Nuru ya kale iliyonaswa na kuta hizo ilikuwa imemenywa kwa ufundi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu nyuzi za zambarau kwenye joho. Nilitazama vipindi vyote arobaini kwa mshangao, na nilipomaliza sikumkumbuka mtu hata mmoja.

Ya pili ilitoka Tanga. Iliitwa Duka la Mikate, na kwa kadiri nilivyoelewa, kampuni iliyoitengeneza ilikuwa na mtu mmoja na shangazi yake. Picha haikusogea kamwe. Uliona kile tu ambacho kipande kile cha lipu, kikubwa kama sinia, kilikiona enzi zake kikiwa ukutani: mdomo wa tanuri, meza ya kukandia, nusu ya mlango, na nje miguu ya wapita njia, mara moja moja punda. Hakuna kaisari aliyepita. Ramani ilichorwa kwa mkono na kisiwa cha Sisili kilikuwa kimesahauliwa. Msimulizi alipokuwa akieleza meli za ngano kutoka Misri, pikipiki ilipita nyuma yake na kupiga honi.

Bwana Mshana, mkuu wa kitengo chetu, alichungulia mlangoni akauliza Roma ya mtumba nimeifikisha wapi. Nikamjibu nipo kipindi cha pili. Akasema yeye angekuwa ameshaandika "haufai" na yuko kantini anakula.

Sikuweza kuacha, kwa sababu ya mwanamke.

Nuru ya mwisho kuingia ukutani ndiyo inayokuwa juu, kwa hiyo ukuta humenywa kuanzia siku zake za mwisho kurudi nyuma, tabaka kwa tabaka. Kampuni kubwa huzipanga upya tabaka hizo ili hadithi ianze mwanzo. Hawa wa Tanga waliziacha zifuatane kama zilivyotoka. Basi katika kipindi cha kwanza mwanamke yule alikuwa bibi aliyepinda mgongo, akipumzika kila baada ya mkate. Katika cha pili mgongo ulinyooka. Katika cha tatu alikuwa mwenye duka, mikono minene, akifokea watu ambao hatukuwasikia. Katika cha nne alikuwa msichana anayechungulia barabarani kila mara. Na katika cha tano alikuwa mtoto, amesimama juu ya kigoda ili aifikie meza.

Alikuwa na jambo lake moja. Kila asubuhi kabla ya kufungua tanuri aliusogelea ukuta na kuugusa kwa kidole gumba chenye unga. Kwa kuwa sisi tulitazama kwa jicho la ukuta, kidole kilitujia, kikaziba kila kitu, kisha kikaondoka na siku ikaanza. Alifanya hivyo akiwa bibi, na alifanya hivyo akiwa mtoto. Msimulizi alisema hajui maana yake na hatajifanya anajua. Maneno hayo yalinifanya nimsamehe pikipiki.

Lilikuwapo jambo moja la kukera. Picha ziliruka. Mkate ulikuwa mkononi, na papo hapo uko tanurini, bila njia kati ya hapo na pale. Nilidhani ni mtindo wao.

Mwisho wa kipindi cha tano mtoto yuko kwenye kigoda, na nyuma yake inatokea mikono miwili ya mwanamke mtu mzima. Inaishika mikono midogo ndani ya donge la unga na kuifundisha kukunja. Uso wa mwenye mikono uko juu ya ukingo wa picha, hauonekani. Halafu giza, na maandishi: Tabaka la sita bado halijamenywa.

Bodi haikupokea mfululizo usiotimia vipindi sita. Kanuni hiyo ilikuwapo kabla ya Bwana Mshana, na yeye aliikuta akiwa bado anavaa suruali fupi, kama alivyopenda kusema. Nikitaka kuupitisha, alinieleza, ni lazima wamalizie. Nikifika mwisho na kusema haufai, basi wasihangaike na cha sita, wapumzike.

Mimi nilitaka kuuona uso ule. Nikakata tiketi ya treni kwenda Tanga.

2

Kampuni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mikate, mtaa wa Ngamiani. Mwenye duka alikuwa Bi Mize, mama mnene mwenye kanga mbili na sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba, akanitazama juu hadi chini, akauliza kama huko Dodoma tunakula mikate au tunakaa tu kuhukumu mikate ya wenzetu. Kabla sijajibu nilikuwa na boflo la moto mkononi.

Mpwa wake, Mwinjuma Shemweta, alikuwa mwalimu wa historia aliyeacha kufundisha. Sauti yake ilikuwa ile ile ya msimulizi, hata alipoagiza chai. Alinionyesha kazi yao bila kuficha kitu. Ukuta unatunza nuru tu, hautunzi sauti, kwa hiyo sauti zote walizitengeneza wenyewe. Kwato za punda zilikuwa za punda wa jirani. Moto wa Ostia ulikuwa moto wa tanuri la pale pale. Na kila kibao cha donge la unga mezani kilikuwa cha Bi Mize, amekaa mbele ya kioo na unga wake, akimfuata mwanamke yule mkono kwa mkono.

Alimwita Somo, kwa kuwa walikuwa na kazi moja. Alimsengenya kama mtu wa mtaani. Somo ana haraka leo. Somo amegombana na mtu, tazama anavyolipiga hilo donge. Lakini alilalamika kwamba kumfuata kunamchosha, maana Somo anarukaruka. Mkono uko juu, ukija kuupigia kibao, kazi imeshakwisha.

"Huyu angekuwa mwali wangu ningempeleka kwa mganga," alisema. "Hakunji. Anatoka kwenye mwanzo anakwenda kwenye mwisho."

Nikamuuliza Mwinjuma kwa nini walichagua mtindo ule. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali na kutumaini halitakuja. Akasimama, akanipeleka kwenye friji.

Lilikuwa friji la kulala, la zamani, lililowahi kuuzia barafu za ukwaju. Picha ya mtoto anayelamba barafu ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Ndani yake, kati ya mabomba yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, kilikaa kimenyeo chao, mashine ya mtumba waliyoipata maabara moja ya nje ilipofungwa. Chini yake kulikuwa na kisanduku cheusi, na ndani ya kisanduku mfuko mweusi, na ndani ya mfuko kipande cha ukuta. Hakuruhusu nikione. Katika biashara hii, alinieleza, lipu haionyeshwi mwanga kamwe. Ikionja mwanga mpya, mwanga huo unakaa juu ya ule wa zamani kama rangi juu ya rangi, na hakuna mnunuzi atakayeigusa tena.

Kisha akanieleza kumenya, taratibu, kwa sauti ya darasani.

Chokaa ya lipu ina chembe ndogo sana zinazonasa nuru na kukumbuka imetoka upande gani. Ukizipoza na kuzichokoza kwa namna fulani, zinaiachia. Nuru inatoka tabaka moja moja, mashine inaipokea, na kompyuta inaigeuza kuwa picha. Chembe ikishaachia haina kitu tena. Ukuta unasomwa mara moja tu. Hilo nililijua, hata watoto wa shule wanalijua. Nisilolijua ni kwamba tabaka likianza kuachia halisimamishwi mpaka liishe, na kwamba vimenyeo vya kampuni kubwa vinapokea yote, lakini hiki cha kwao kinapata joto. Kinapokea kidogo, kinapumzika kupoa, kinapokea tena.

"Kikipumzika, nuru inasubiri?" nikauliza.

"Haisubiri. Kwa kila picha moja tunayoipata, mbili zinaungua."

Bi Mize alikuwa ameacha kukanda. Nadhani hata yeye hakuwahi kuelezwa hivyo waziwazi.

3

Mwinjuma hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mchana ule uwe mgumu.

Alinieleza alivyoanza. Alifundisha Roma kwa miaka mingi katika shule isiyo na picha hata moja, wanafunzi wakikariri majina ya makaisari kama majina ya vituo vya treni. Siku moja mwanafunzi akamuuliza watu wote hao walikuwa wakila nini, na nani aliwapikia. Hakujua. Aliona aibu kwamba hakuwahi hata kujiuliza. Kuta za makasri zilikuwa zimeshachukuliwa na wenye uwezo, lakini kipande cha duka la mikate hakikuwa na mgombea, isipokuwa hoteli moja ya kifahari ng'ambo iliyotaka kukitundika katika ukumbi wa chakula na kukiachia nuru yake kidogo kidogo kila jioni, wageni wakila chini ya mwanga halisi wa Roma. Bila kurekodi chochote. Yeye akakiwahi. Hoteli bado inamwandikia.

Alijua kuhusu theluthi tangu siku ya kwanza. Alijiambia kwamba theluthi ni zaidi ya sifuri.

 Bila yeye, Somo angekuwa ameteketea juu ya sahani za samaki. Bila yeye nisingewahi kumwona akichungulia barabarani kwa yeyote yule aliyekuwa akimsubiri. Lakini nilizikumbuka zile picha zinazoruka, na kwa mara ya kwanza nikazielewa. Kila mruko ulikuwa mahali tulipomchoma.

Nikamwambia kwamba vimenyeo vinaboreka kila mwaka. Huenda baada ya miaka ishirini, au hamsini, hata friji la ukwaju litaweza kupokea nuru yote. Tabaka la sita likikaa gizani, halipungui. Theluthi ni zaidi ya sifuri, kweli, lakini kitu ambacho hakijasomwa si sifuri.

Akanijibu kwamba hayo ni maneno ya mtu ambaye hajasimama mbele ya darasa. Mtoto aliye darasa la saba sasa hivi hawezi kuambiwa asubiri miaka hamsini. Na nani ameahidi kwamba hao wa miaka hamsini watajali duka la mikate? Wana kuta za makaisari. Huenda kipande kikatupwa pamoja na friji.

"Wewe mwenyewe umekuja kwa nini?" akaniuliza. "Umepanda treni kutoka Dodoma uje utuambie tusimenye? Umekuja kwa sababu unataka kuuona uso wa yule mama. Sema kweli, dada Sekela."

Nikasema kweli. Ndiyo.

Bi Mize akafuta mikono kwenye kanga, akasema na yeye anataka. Akasema anataka kuliko sisi wote wawili tukijumlishwa. Mama yake mzazi alimfundisha kukanda hivyo hivyo, amesimama nyuma yake na mikono juu ya mikono, kwenye nyumba ya udongo huko Pangani. Mama huyo alifariki Bi Mize akiwa bado mdogo, na hakuacha picha. Anachokumbuka vizuri ni mikono.

"Nilikuwa natazama unga," alisema. "Sikugeuka nimtazame yeye. Mtoto anageuka? Mtoto anajua mama yuko pale pale."

Kwa hiyo aliposikia kwamba tabaka la sita ndilo lenye mama yake Somo, alisema, alihisi kama ameahidiwa kitu. Akimwona yule, kidogo atakuwa amemwona wake.

 Ningewezaje kuandika kitu cha kumnyima? Nilihisi mkono wangu ukiwa tayari kwenda upande wao, na nilikuwa hata na maneno: thamani ya kielimu, hisia za kibinadamu. Hakuna ambaye angenilaumu.

Bi Mize ndiye aliyeomba kipindi cha tano kirudishwe, ile sehemu ya mwisho, taratibu. Mwinjuma akaiendesha picha kwa picha. Mikono midogo imelala juu ya donge. Picha iliyofuata, mikono mikubwa imeshashuka. Iliyofuata, donge limekunjwa na mikono mikubwa imetoka. Hatukuona ilikotoka, wala kukunja kwenyewe, wala mtoto alifanya nini alipoguswa.

"Huyu mama," Bi Mize akasema, "anamfundisha mwanawe. Si atainama? Lazima atainama, ambusu, amnong'oneze. Mama yeyote anainama."

"Atainama, shangazi."

"Mara ngapi? Ana kazi, wateja wako mlangoni. Anainama mara moja, anainuka." Aligeuka akamtazama mpwa wake. "Na kama ameinama mashine ikiwa inapoa?"

 Mwinjuma alibaki ameshika kitufe, picha imesimama kioo kizima: donge lililokunjwa, na mikono midogo imebaki peke yake.

"Basi tutamchoma uso tukiwa tunamtafuta," Bi Mize akasema. Hakuinua sauti. Akarudi dukani, na tukamsikia akimwambia mteja kwamba mikate imekwisha, ingawa rafu ilikuwa imejaa.

4

Nilimpigia Bwana Mshana nikiwa uani, karibu na kuni. Nilimweleza yote. Aliniacha nimalize, jambo ambalo si kawaida yake.

Akasema hali ni nyepesi kuliko ninavyoifanya. Nikiandika unafaa, watamenya. Nikiandika haufai, hawatamenya, na nitakuwa nimeuokoa ukuta. Nikamwambia nikiandika haufai, vile vipindi vitano havitaonekana na mtu, na yote yaliyoungua ndani yake yatakuwa yameungua bure. Somo atakuwa amezeeka mbele ya macho yangu peke yangu. Na Mwinjuma, akikosa shule, atabaki na barua za hoteli.

"Sasa unataka niseme nini, binti yangu? Vipindi vitano si mfululizo. Kanuni inasema sita."

"Kanuni inasema cha sita lazima kiwe cha nuru iliyomenywa?"

Nikamsikia akivuta droo, akipekua, akikohoa.

"Inasema viwe sita, na kila kimoja kimfundishe mwanafunzi jambo la kweli." Nikasikia droo ikifungwa. "Usinifanye nianze kuipenda hiyo Roma yako ya mtumba, Sekela. Nina mwaka mmoja nistaafu."

Nilirudi ndani nikamweleza Mwinjuma nilichofikiria. Kipindi cha sita kiwe juu ya tabaka ambalo hatukulimenya. Awaambie wanafunzi ukweli wote: friji, kupoa, theluthi, mikono isiyo na uso, na kwa nini tumeacha. Wajue kwamba kuna mama mmoja yuko ndani ya lipu, anamfundisha mwanawe kukanda, na kwamba kumwona au kutomwona ni uamuzi ambao labda siku moja utakuwa wao.

Alisema watoto watachukia. Nikasema wachukie. Mtoto anayechukia kwa sababu hakuonyeshwa kitu amekwisha kukiamini.

Alitembea chumbani, hatua chache huku na hatua chache kule, maana chumba hakikuruhusu zaidi. Kisha akauliza kipindi kizima kitaonyesha nini. Sauti yake peke yake juu ya ramani isiyo na Sisili?

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzungu mwenye kofia, kinywa wazi, tochi mkononi. Hakukusudia kuwa kwenye hadithi. Aliangaza tu, na ukuta ukamchukua, ukamweka juu ya karne zote za giza.

Nikamwambia Mwinjuma tukitoe kipande nje ya kisanduku, tukitundike dukani, nacho kituone.

Alielewa kabla sijamaliza, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu alielewa pia inamgharimu nini. Hakuna hoteli itakayonunua lipu yenye Tanga juu yake. Hata kampuni kubwa hazitaitaka. Kipande kingebaki chake, na mlango wa kukiuza ungefungwa moja kwa moja. Yeyote atakayetaka kumfikia yule mama ingembidi kwanza atupitie sisi.

Akakaa kwenye ukingo wa friji. Akauliza kama nina hakika kwamba mfululizo utapita bodi. Nikamwambia sina hakika, mimi naandika sentensi moja tu. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mwite shangazi," akasema.

5

Duka la Mikate lilipita bodi miezi michache baadaye, baada ya ubishi, na Bwana Mshana alidai hadi siku aliyostaafu kwamba alishinikizwa. Walimu wengine walilalamika kuhusu pikipiki. Barua za wanafunzi zilikuja nyingi, karibu zote juu ya kipindi cha sita, nyingi za hasira, na moja kutoka Kakonko ilisema mwandishi wake anataka kusomea vimenyeo. Hayo yaliandikwa kwenye taarifa za bodi na yeyote anaweza kuyasoma. Mchana wa kurekodi haumo humo.

Tuliazima kamera ya kawaida kutoka kwa mpiga picha wa harusi. Mwinjuma akapigilia misumari kwenye ukuta wa duka, mkabala na tanuri, usawa wa meza. Kisha akafungua kisanduku. Akafungua mfuko. Mikono yake ilisita pale mfuko ulipokuwa nusu wazi, na hakuna aliyemhimiza. Halafu akaushusha.

Kilikuwa kipande cha lipu ya kijivujivu chenye ufa mmoja. Mwanga wa mlangoni ulikiangukia na hakuna kilichotokea. Mtu anayepita na baiskeli alitupa jicho, akaendelea. Nilijua kwamba hata yeye ameshaingia.

Mwinjuma alikitundika, akasimama pembeni ya kamera, akaanza kusimulia kwa sauti yake ile. Alieleza tulichokuwa tumeamua. Bi Mize alichovya kidole gumba kwenye unga, akausogelea ukuta, akakigandamiza pale kwenye lipu kabla hatujakubaliana kama inaruhusiwa. Mwinjuma alikatiza sentensi katikati, akaimeza, akaendelea.

Halafu Bi Mize akaniita mezani. Nilisema mimi siyo wa kwenye picha, mimi ni wa bodi. Akasema bodi inakula mkate au haili? Nikasimama mbele ya donge. Akaja nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, akaniongoza: sukuma, kunja, geuza. Alifanya taratibu kupita kiasi, kila kunjo likionekana kuanzia mwanzo, katikati, hadi mwisho. Unga ulikuwa na joto. Nilikuwa nautazama, siwezi kusema nilitazama kitu kingine chochote.

"Mwanangu," akasema, karibu na sikio langu.

"Naam, Bi Mize."

"Inua uso kidogo. Watakaokuja wasituone mikono tu."

Akainama, shavu lake likawa kando ya shavu langu, lenye unga na jasho, na sote wawili tukautazama ukuta. Aliendelea kukaa hivyo. Mteja mlangoni aliuliza kama kuna mkate, na Mwinjuma, bila kuacha kusimulia, akamwashiria asubiri.